Acropolis ya Athens: Kilimani na Makumbushoni

Ndugu wasikilizaji, jioni hii sitawazungusha Ugiriki nzima. Tutakaa mahali pamoja, Athens, kwenye kilima cha Acropolis.

Wageni wengi hupanda, wakapiga picha, wakashuka wakaenda zao. Hao wameona mifupa tu. Michongo iliyolipamba Parthenon, hekalu kuu la kilimani, ile iliyobaki Athens, iko chini ya kilima, mwendo wa dakika chache kwa miguu, katika Makumbusho ya Acropolis yaliyofunguliwa mwaka 2009. Tiketi ni mbili, kila mahali na yake, na ile ya kilimani huandikwa saa ya kuingia.

Anzeni na kilima, saa mbili asubuhi kinapofunguliwa. Wakati wa kiangazi, joto likizidi, serikali hukifunga saa za mchana. Mlango mkuu uko magharibi. Wa kusini-mashariki, karibu na makumbusho, mara nyingi foleni yake ni fupi. Vaeni viatu vyenye soli inayoshika, kwa maana mawe yamesuguliwa na nyayo mpaka yanateleza hata yakiwa makavu. Mabegi makubwa hayaruhusiwi.

Mkifika juu, simameni penye kona ya hekalu mtazame ukingo wa ngazi ya juu kuanzia mwisho hadi mwisho. Haukunyooka! Umeinuka katikati, karibu sentimita 11 upande mrefu na 6 upande mfupi. Nguzo nazo zimeinamia ndani kidogo. Kazi hiyo ilianza mwaka 447 KK, na kila jiwe lilichongwa kwa mahali pake, ndiyo maana jiwe la hapa huwezi kulihamishia pale.

Sasa tazameni upande wa kusini, pale nguzo zilipokatika katikati. Mwaka 1687 Waosmani, Waturuki waliotawala Athens wakati huo, walihifadhi baruti humo hekaluni, kombora la jeshi la Venice likaingia, baruti ikalipuka.

Lakini kuna uharibifu mwingine ambao haukuletwa na vita, na huu nataka muuelewe vizuri. Wajenzi wa kale waliunganisha mawe kwa vyuma, wakavimiminia madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Risasi ilizuia maji, chuma kikadumu bila kutu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Nikolaos Balanos alilikarabati hekalu kwa vyuma visivyofunikwa risasi. Vikashika kutu, vikavimba, vikaipasua marumaru kutoka ndani. Kamati maalumu iliyoundwa mwaka 1975 inavitoa kimoja kimoja na kuweka titani, ambayo haishiki kutu. Basi mkikuta winchi na majukwaa msinung'unike. Hiyo ni tiba. Vipande vyeupe kwenye nguzo ni marumaru mpya ya mlima wa Penteli, uleule uliotoa marumaru ya kale.

Mchana shukeni makumbushoni. Wanawake sita wa mawe wanaobeba paa la baraza la Erechtheion, hekalu jingine kule juu, ni nakala. Watano wa asili wamo humu. Zungukeni nyuma yao muone nywele zilivyosukwa. Wa sita yuko London.

Ghorofa ya juu imegeuzwa ielekee sawasawa na Parthenon, nayo hekalu lenyewe laonekana kupitia vioo. Ukanda wa michongo, wenye urefu wa mita 160 hivi, umepangwa kuuzunguka ukumbi kama ulivyolizunguka hekalu. Ya rangi ya asali ni ya asili. Ile myeupe ni nakala za plasta, na mingi asili yake iko British Museum, London. Lord Elgin, balozi wa Uingereza kwa Waosmani, ndiye aliyeiondoa, na serikali ya Uingereza ikainunua kwake mwaka 1816. Kuna sanamu ambazo kichwa kiko huku na mwili kule. Naona uchungu kila ninapoutazama ukuta ule, na kwa maoni yangu vipande hivyo virudi.

Mpango huohuo utawafaa kwingine. Picha za ukutani mtakazoona Knossos, kasri la kale katika kisiwa cha Krete, ni nakala. Za asili ziko makumbushoni Heraklion, mji wa jirani. Kinyago cha dhahabu cha Mycenae, mji wa kale, kilichofukuliwa na Mjerumani Heinrich Schliemann mwaka 1876, kiko Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, Athens. Na kabla ya kukata tiketi ya ndege tazameni kalenda: tarehe 1 Januari, 25 Machi, 1 Mei, Pasaka ya Kiorthodoksi, na 25 na 26 Desemba kilima hufungwa.