Usonji na ziara ya miezi 18: mhadhara kwa wazazi, walimu na wauguzi wa Kisumu

Hamjambo nyote. Wazazi, walimu, wauguzi wa kliniki za watoto, na nyinyi wahamasishaji wa afya ya jamii mliotoka Nyalenda, Manyatta na Obunga, karibuni. Mama mwenye mtoto asiyetulia, mwache azunguke humu ukumbini. Hasumbui mtu.

Tuanze na hesabu, maana ndizo zinazowatia watu hofu. Marekani wana vituo maalumu vinavyohesabu watoto wa miaka 8. Mwaka 2000 walipata mtoto 1 kati ya 150 ana usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na uhusiano wa mtoto na watu. Mwaka 2010 ikawa 1 kati ya 68, mwaka 2020 ikawa 1 kati ya 36, na mwaka 2022 ikafika 1 kati ya 31. Mzazi akizisoma kwenye simu zikifuatana hivyo, huona ugonjwa unaosambaa, na swali linalofuata ni walikula nini au walidungwa chanjo gani.

Lakini hebu tuzifungue hesabu zenyewe. Mwaka huohuo wa 2022, ndani ya nchi hiyohiyo, kituo cha Laredo, Texas, kilipata watoto wapatao 10 kati ya kila 1,000. Kituo cha California kilipata 53. Hiyo ni zaidi ya mara tano. Watoto wa California hawakuumbwa tofauti na wa Texas. Kule kulikuwa na mpango wa kuwafundisha madaktari kupima watoto wakiwa wadogo na kuwatuma kwa wataalamu mapema. Watoto wakitafutwa, wanapatikana.

Maana ya usonji nayo imepanuka. Daktari Leo Kanner alipouandika mwaka 1943 alieleza watoto 11 tu, na kwa miaka mingi waliohesabiwa ni wale wenye hali iliyo wazi kabisa. Mwaka 1994 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukawaingiza wale wenye lugha nzuri na akili kali lakini wanaoshindwa na mambo ya urafiki na mazungumzo. Mwaka 2013 wote wakawekwa chini ya jina moja. Utafiti wa Denmaki uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya ongezeko la huko lilitokana na kubadilika kwa vigezo na namna ya kuandikisha wagonjwa. Hatusemi ongezeko lote ni la makaratasi. Wazazi wanazaa wakiwa na umri mkubwa zaidi, na watoto njiti ambao zamani wangefariki sasa wanapona, na mambo hayo mawili huongeza uwezekano wa usonji. Ila sehemu kubwa ni ya kutafuta na kuandika.

Sisi je? Sensa ya Kenya ya 2009 ilisema asilimia 3.5 ya watu wana ulemavu. Ya 2019 ikasema 2.2. Hakuna aliyeamini kwamba ulemavu ulipungua kiasi hicho katika miaka kumi, maswali yalibadilika. Na katika maswali yale hakuna lililouliza usonji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Kaunti ya Kisumu ilikuwa na watu 1,155,574 mwaka 2019. Ukigawanya kwa kipimo hicho cha dunia unapata kama watu 9,000, wadogo kwa wakubwa. Ni hesabu ya kukisia, lakini jiulize ni wangapi unaowajua wenye karatasi ya daktari. Waliobaki wako wapi? Wako darasani wakiitwa watukutu, au nyumbani wakiitwa bubu.

Sasa tuje kwenye kazi, na kazi yenyewe ina siku yake. Mtoto wa Kenya hudungwa chanjo ya surua na rubela mara mbili: akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Ile ya pili ndiyo wazazi wengi huiruka, kwa sababu mtoto anatembea, anakula, haumwi. Nasi tunawaomba muilinde ziara hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni surua yenyewe. Ya pili, miezi 18 ndiyo umri ambao dalili za usonji zinaweza kuonekana na muuguzi aliyefundishwa, bila mashine, kwa dakika zisizozidi kumi.

Muuguzi, fanya hivi. Usianze na sindano, maana mtoto anayelia hapimiki. Mkalishe kwenye mapaja ya mama, mwache akuzoee. Jambo la kwanza, simama ubavuni mwake, mahali asipokuona, umwite kwa jina analoitwa nyumbani. Kama kadi inasema Emmanuel na nyumbani ni Ema, mwite Ema. Mwite mara tatu, ukiacha nafasi kati ya mara moja na nyingine. Usipige makofi wala kutikisa funguo, kwa sababu hapo utakuwa unapima sauti, na mtoto mwenye usonji anaweza kugeukia funguo upesi kuliko mtu yeyote humu ndani. Unachotafuta ni kama jina lake linamvuta kwako.

La pili, mwangalie usoni, kisha nyoosha kidole kuelekea kitu kilicho mbali, tuseme bango la ukutani au kuku aliye mlangoni, useme: “Ona!” Mtoto wa miezi 18 kwa kawaida hufuata kidole mpaka kwenye kitu, na wengi hurudisha macho kwako kuona kama nawe unakiona. Anayeangalia ncha ya kidole chako tu, au asiyeangalia kabisa, mwandike.

La tatu ni swali kwa mama, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Ukimuuliza “Je, anakuonyesha vitu?” atasema ndiyo. Muulize amefanyaje mara ya mwisho. Mara nyingi utasikia kwamba alimshika mama mkono, akauvuta mpaka kwenye chupa ya chai au komeo la mlango, akauweka pale, wala hakumtazama usoni. Huko ni kuutumia mkono wa mama. Kuonyesha ni pale mtoto anaponyoosha kidole chake kwa ndege iliyopita juu, haombi kitu, anataka tu nawe uione. Mtoto asiyefanya hivyo hata kidogo katika miezi 18 anahitaji kupimwa zaidi.

Swali lingine linalodanganya ni “Anaongea?” Kuna mtoto anayerudia tangazo la redio neno kwa neno lakini hawezi kuomba maji. Uliza anaomba vipi, anakataa vipi, anakuita vipi.

Kisha lipo dodoso la maswali 20 liitwalo M-CHAT-R, la watoto wa miezi 16 hadi 30, linalotumika bila malipo. Kila jibu la “hapana” ni alama moja, isipokuwa swali la 2, la 5 na la 12, ambapo “ndiyo” ndiyo alama. Hapo ndipo wengi hukosea kujumlisha. Alama 0 hadi 2, hatari ni ndogo, ingawa mtoto aliye chini ya miaka 2 arudi apimwe tena akitimiza. Alama 3 hadi 7, rudia yale maswali aliyoanguka kwa mahojiano marefu zaidi. Zikibaki 2 au zaidi, mpe rufaa. Alama 8 na kuendelea, mpe rufaa leo. Dodoso haliwezi kusema mtoto ana usonji. Linasema huyu aonwe na mtaalamu, basi.

Wazazi, yako maneno ambayo hupoteza miaka. “Wavulana huchelewa.” “Hata babake alichelewa.” “Ni sababu nyumbani kuna Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza.” Lugha nyingi hazileti usonji, mtoto mwenye usonji katika nyumba ya Kijaluo aongeleshwe Kijaluo, lugha ambayo mama na nyanya wanaijua hadi ndani. Wengine huambiwa ni chira, laana ya kuvunja mwiko, wengine mapepo, na mwaka unakwisha kwa safari za kutafuta aliyekosea. Kuomba ni haki yako. Omba ukiwa njiani kwenda hospitali.

Kuhusu chanjo, uvumi kwamba chanjo ya surua huleta usonji ulianza na makala ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12 tu. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na daktari aliyeiandika akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Huko Denmaki walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, wakachapisha mwaka 2019, na hawakuona usonji zaidi kwa waliochanjwa. Tunajua mnauliza pia kama Panadol wakati wa ujauzito huleta usonji. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2024 wa watoto karibu milioni 2.5 ulilinganisha ndugu wa tumbo moja, na uhusiano haukuonekana. Kwetu hapa, kwenye malaria mwaka mzima, mjamzito mwenye homa asiogope dawa ya homa aliyopewa na muuguzi. Homa isiyotibiwa ndiyo ya kuogopa. Kinachojulikana hasa ni kwamba urithi una sehemu kubwa sana, na malezi ya mama hayana lawama yoyote.

Mtoto akipewa rufaa, kipimo cha kwanza ni masikio, hata kama hukimbilia sauti ya karatasi ya krispi kutoka chumba kingine. Nta, usaha wa sikio wa mara kwa mara na uziwi wa kiasi vinaweza kufanana na usonji, na vinatibika au vinasaidika. Kitengo cha masikio kiko hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia. Na kama mtoto alikuwa na maneno akayapoteza, asisubiri foleni ya kawaida. Mwambie daktari kama alipata degedege, au malaria kali ya kupoteza fahamu, au kama huwa anakodoa macho ghafla asisikie kitu. Kifafa huwapata watu wenye usonji mara nyingi kuliko wengine, na kina dawa. Usonji wenyewe hauna dawa ya kuuondoa. Anayekuuzia dawa ya kutoa madini mwilini au matone ya kemikali ya kupaushia (bleach) anaweza kumuua mtoto wako. Hayo yamekwisha kuua na kudhuru kwingine.

Foleni ya mtaalamu wa lugha inaweza kuwa ndefu, kwa hiyo anzeni nyumbani wiki hii. Chukua ndizi moja mbivu, uikate vipande kumi vidogo. Usitumie njugu, humsakama mtoto mdogo. Weka vipande kwenye kopo la plastiki linaloonyesha ndani, ufunge kifuniko, ukae chini mtazamane uso kwa uso. Mwonyeshe kopo, kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi tano. Akinyoosha mkono, akikutazama, akitoa sauti yoyote, hilo ni ombi. Sema neno moja, “Ndizi,” umpe papo hapo. Vipande kumi ni nafasi kumi za kujifunza kwamba kumwelekea mtu kunaleta kitu.

Kinachoharibu zoezi hili tunakijua. Mtu mzima hupiga kelele “Sema ndizi! Sema!” mpaka mtoto analia na ndizi inageuka adhabu. Au humpa nusu nzima, anashiba, zoezi limekwisha. Au hushika kidevu cha mtoto amlazimishe kumtazama. Msifanye hivyo kamwe. Baada ya majuma machache bandika picha ya ndizi kwenye kipande cha katoni chenye ukubwa wa kiganja, ukizungushie selotepu ili mate yasiiloweshe, mfundishe kukukabidhi picha apate ndizi. Picha haitamzuia kuongea. Inampunguzia kilio, na wengi huanza kutamka neno wakiwa wameshika picha mkononi.

Walimu, ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ina kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, EARC. Mtume mzazi huko mapema. Asingoje mtoto afike miaka 7. Na wazazi, msiache kumwandikisha mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya tathmini ya hospitali. Beba cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako na picha ya pasipoti.

Jambo moja zaidi, na tulisikilize vizuri kwa sababu tunaishi kando ya ziwa. Watoto wengi wenye usonji hutoroka, na wengi wao huvutwa na maji. Kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyao. Weka komeo juu ya mlango, mahali ambapo mkono wake haufiki lakini mtu mzima anafungua haraka moto ukitokea. Funika kisima na mapipa ya maji ya mvua. Mshonee namba yako ya simu ndani ya shati. Wapelekee picha yake vijana wa boda kwenye steji yenu na wavuvi wa ufuo ulio karibu, uwaambie hatajibu akiitwa, wamfuate polepole na wakupigie. Akipotea, wa kwanza kukimbia aende majini: ziwa, mto, mtaro, kidimbwi cha machimbo. Nyuma ya kabati atafute mtu wa pili.

Dodoso na maelezo ya kujumlisha viko pale mezani. Tuchukue maswali, tuanze na wale mama walioketi nyuma na watoto.