Mbawakawa wa Zambarau na Nyumba Yake ya Shimo

Walio nyuma mnanisikia? Haya. Humu kwenye kiberiti nina mbawakawa niliyemwokota jana usiku chini ya taa ya barazani. Namlaza chali mezani hapa. Tulieni kidogo... tak! Mmeona alivyoruka? Wengi wetu tulimchezea utotoni.

Watu hudhani anajisukuma kwa miguu. Miguu haina kazi hapo. Kifuani ana kimsumari kinachoingia kwenye kitundu kilicho nyuma kidogo ya kimsumari hicho. Akijipinda, kimsumari kinakwama ukingoni huku misuli ikivuta, kama manati. Kikichomoka tu, mwili unajikunja ghafla na kumrusha hewani.

Jamii yake, Elateridae, ina spishi zipatazo 10,000. Leo nawasimulia habari za mmoja ambaye hata kwao Uingereza wachache wamemwona: Limoniscus violaceus. Ana urefu wa milimita 12 hivi, mweusi, ila mwanga ukimpiga anang'aa zambarau. Huko alipatikana mara ya kwanza mwaka 1937, msitu wa Windsor. Baadaye akaonekana kilima cha Bredon Hill na msitu wa Dixton Wood. Basi.

Kwa nini huko tu? Buu lake huishi ndani ya mti mzee uliooza moyo, chini kabisa, shimo linapogusana na ardhi. Pana ungaunga mweusi wenye unyevu, ukiushika ni kama mashapo ya kahawa. Windsor ni ndani ya miti ya Fagus, ile Waingereza huiita beech. Kwingine kule ni Fraxinus, yaani miti ya ash. Na mti hauozi moyo hivyo ukiwa kijana. Husubiriwa miaka mia na zaidi. Sasa mwenye shamba akiona mti una tundu, anaita msumeno. Nisiwaseme Waingereza peke yao: mimi niliangusha mwembe wenye shimo uani kwangu, wala sikuchungulia ndani.

Mwaka 2012 ikathibitika kwamba ugonjwa wa kuvu unaoua Fraxinus umeingia Uingereza. Unaikausha hasa miti michanga, ile ambayo ingekuja kuwa na mashimo miti mizee itakapoanguka.

Anayemtafuta hatembei na wavu. Anapiga magoti, anaingiza kichwa shimoni na tochi, na kuchambua ungaunga kwa vidole, taratibu, maana akivuruga sana anaibomoa nyumba yenyewe.

Nitapokea maswali. Lakini kwanza, huyu wangu kaangukia wapi? Mama hapo mbele, hebu usisogeze kiti.