Shangazi, saa ya mkononi na mbuzi ya nazi

HAJI: Imeshaanza? Haya. Assalaam alaykum. Mie Haji, na huyu ni huyo huyo.

ASHA: Wa alaykumu ssalaam. Huyo huyo kakosa nini leo?

HAJI: Leo tuna mambo matano ya fiziotherapia, yaani kutibu viungo na misuli kwa mazoezi: kumtazama mgonjwa anavyotembea, kupima kiungo, kupima nguvu, mazoezi, na fimbo. Ila nianze na yaliyonikuta Jumamosi kwa shangazi, Makunduchi.

ASHA: Yule wa goti la kushoto? Wasikilizaji washamjua mpaka chai anayokunywa.

HAJI: Huyo. Nikasema leo nampima kitaalamu. Kile kipimo cha Podsiadlo na Richardson cha mwaka 1991: mtu yuko kitini, anainuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa. Wewe kazi yako saa tu. Mtu mzima akifika sekunde 12 au zaidi, unaanza kuchelea asije akaanguka. Sasa futikamba nimeisahau mjini. Nikatandika doti ya kanga, kanga moja mbele ya nyengine, maana kila moja ni kama mita moja na nusu.

ASHA: Usiniambie kanga ni zake.

HAJI: Mpya, za Idi! Saa inakwenda, shangazi kafika kati, kainama anaziokota. "Haji, mtu mwenye akili zake hutandika kanga za watu chini?"

ASHA: Sekunde ngapi hapo?

HAJI: Sikuandika. Nikaweka kandambili kuwa alama. Haya, kiti. Cha plastiki kimevunjika mguu. Kaingia jikoni mwenyewe, karudi na mbuzi.

ASHA: (anacheka) Ya nazi?

HAJI: Ya nazi, Asha! Kiti cha kipimo kina sentimita kama 46 kwenda juu. Mbuzi haifiki nusu yake. Kainuka mkono mmoja sakafuni, mwengine ukutani. Sekunde 27.

ASHA: Hicho si kipimo. Kikalio kikiwa chini vile, hata mie ningechelewa.

HAJI: Najua. Lakini macho yaliona. Mguu wa kushoto anaugusisha tu, kama sakafu ina moto. Na pale pa kugeuka alipiga vihatua sita, saba, kama mtu anayegeuza gari kichochoroni Mji Mkongwe.

ASHA: Goti ulilipima?

HAJI: Nilianza na lile zima, nijue kwake kawaida ni ipi. Kisha la kushoto, akunje mwenyewe kwanza: likasita digrii 95. Nikamshika kisigino, polepole, likafika 110 ndipo akakunja uso.

ASHA: Basi si kiungo chote kilichokaza. Kingekuwa hivyo, lingekwama pale pale hata ukimsaidia. Hapo ningeanza kutafuta maumivu, au misuli imechoka. Paja je?

HAJI: Limekonda ukililinganisha na mwenzake. Nimempa kukaza paja, ahesabu mpaka tano, na kukaa na kuinuka kitini. Na mbuzi nimeipiga marufuku.

ASHA: Umeipiga nini? Ulimuuliza anataka afanye nini akipona?

HAJI: ...Anataka kukuna nazi.

ASHA: Yakhe!

HAJI: Sikiliza. Mbuzi si kukaa tu. Umekunja goti, umejipinda, unasukuma kwa mikono robo saa nzima. Sokoni wanakuna kwa mashine.

ASHA: Nazi ya mashine! Kwetu Wete mgeni akipewa tui hilo anajua hapendwi.

HAJI: Hiyo si fiziotherapia, huo ni Upemba.

ASHA: Na weye tui unanunua la boksi.

HAJI: Mara moja tu! Tena mvua ilikuwa inanyesha.

ASHA: Mie ningemwekea mito miwili juu ya kiti. Akizoea, mto mmoja. Halafu kiti kitupu, halafu kigoda, halafu mbuzi. Ngazi kwa ngazi. Goti asilolikunja mwaka mzima litarudi kukunjika kwa dua?

HAJI: Na akianguka kwenye ngazi yako ya nne, nani atamuuguza? Weye uko Wete.

ASHA: Ukimnyima kitu anachokitaka, na mazoezi hatofanya.

HAJI: Atafanya.

ASHA: Hatofanya.

HAJI: Kesho nampigia simu, utasikia.

ASHA: Atakwambia anafanya. Ni shangazi yako, anakupenda.

HAJI: Mie sirudi nyuma, Asha.

ASHA: Na mie siendi mbele. Fundi anatuonyesha vidole viwili.

HAJI: Dakika mbili? Hatujagusa nguvu! Kuna alama 0 mpaka 5, na 3 ni pale mtu anapoinua mguu mwenyewe bila...

ASHA: Wiki ijayo.

HAJI: Na fimbo! Fimbo hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima, si upande wa maumivu. Watu wote wanakosea, na kwenye tamthilia pia.

ASHA: Mbuzi yenyewe umeiweka wapi?

HAJI: Uvunguni mwa kitanda chake, kule ndani kabisa.

ASHA: Kwa hiyo akiitaka itabidi apige magoti.

HAJI: ...

ASHA: Haji?

HAJI: Fundi, zima.