Ukienda Tewkesbury, Anza na Maji

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, ndugu zangu nyote habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze kuhusu Tewkesbury kabla ya safari yetu ya jumuiya, ili tusije tukafika pale, tukapiga picha mbele ya kanisa, tukala samaki na chipsi, tukarudi Birmingham tukajisifu kuwa tumeuona mji wa kale wa Waingereza. Wengi wetu tumekaa nchi hii miaka na miaka, na hivyo ndivyo tunavyotembea. Unapewa karatasi ya vivutio, unavipitia kimoja kimoja, jioni huwezi kumweleza mwenzako ni kwa nini hata kimoja kiko pale kilipo. Mimi leo nina neno moja tu, nalo nitalirudia mpaka mwenyekiti anikatize: Tewkesbury haueleweki bila mito yake. Nyumba, vichochoro, vita, umaskini wake na hata uzuri wake, vyote vinatokana na maji.

Basi tuanze hapo. Severn ndio mto mrefu kuliko yote katika kisiwa cha Britania. Unateremka kutoka milima ya Wales, unazunguka, unashuka kusini kuelekea baharini. Avon unatoka upande wa mashariki. Ndio ule ule unaopita Stratford alikozaliwa Shakespeare. Mito hiyo miwili inakutana Tewkesbury, na mji umekaa pale pale kwenye makutano. Kama hiyo haitoshi, zamani ulichimbwa mfereji wa kuyavuta maji ya Avon yapite kandokando ya mji ili yaendeshe kinu cha watawa. Mfereji huo upo hadi leo, unaitwa Mill Avon. Kati yake na Severn kuna uwanda wa majani unaoitwa Severn Ham, hekta zipatazo 70, na juu yake hakuna nyumba. Majira ya baridi uwanda huo unafunikwa na maji, maji yanaacha matope yenye rutuba, na kiangazi majani yanakatwa kuwa chakula cha mifugo. Mkisimama pale mtaona jambo ambalo ni nadra sana Uingereza: ardhi tambarare, katikati ya mji, ambayo hakuna tajiri aliyethubutu kuijengea maghorofa.

Sasa tazameni mji wenyewe. Una barabara kubwa tatu: High Street, Church Street na Barton Street. Zinakutana mahali panapoitwa the Cross, ambapo leo pana mnara wa kumbukumbu ya askari waliokufa vitani. Soko lilianzia humo. Kile kitabu cha sensa ya mali alichoagiza mfalme William Mshindi mwaka 1086 kinalitaja soko la Tewkesbury, na kinasema lilianzishwa na malkia, yaani mkewe Matilda. Kwa hiyo mkisikia kwamba ni mji wa gulio, jueni watu wanauza na kununua pale kwa zaidi ya miaka 900.

Biashara inapostawi, watu huongezeka. Na watu wakiongezeka, mji hupanuka. Lakini huu ungepanukia wapi? Huku Avon, kule Severn, pembeni mashamba ya bondeni yanayozama kila mwaka. Wenyeji wakafanya kitu pekee kilichowezekana: wakajenga nyuma ya nyumba zao. Kila mwenye nyumba barabarani alikuwa na kipande kirefu chembamba kinachoshuka hadi majini. Akakata njia pembeni mwa nyumba yake, akapanga vijumba kwenye bustani, akapangisha. Ndivyo vilivyozaliwa vichochoro vya Tewkesbury. Vilivyobaki ni kama 30 hivi, na hapo zamani vilikuwa vingi zaidi.

Hapa nawaomba mtulie, kwa sababu vichochoro ndiyo sehemu ambayo wageni wengi huipita bila kujua. Midomo yake ni midogo. Unaweza kudhani ni mlango wa mtu. Ingia. Unapita chini ya ghorofa ya nyumba ya barabarani, mabega yanakaribia kugusa kuta, mwanga unapungua, halafu ghafla unatokea kwenye ua wenye nyumba za matofali, vyungu vya maua, na mbele yako maji. Kimoja cha lazima kukiona kiko upande wa Church Street, kilicho na kanisa la zamani la Wabaptisti. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya karne za kati, ikageuzwa mahali pa ibada katika karne ya 17, enzi ambazo kusali nje ya kanisa la dola kulikuwa jambo la kukupeleka mahakamani. Ukiwa na dini isiyotakiwa, mahali gani pazuri kuliko mwisho wa kichochoro? Chini ya sakafu yake kuna kidimbwi cha kubatizia. Na kule nyuma, kwenye makaburi madogo, wamelala wazao wa dada yake Shakespeare. Hakuna bango kubwa wala foleni.

Na mkiwa barabarani, inueni macho. Nyumba nyingi zina fremu ya mbao za mwaloni, ghorofa ya juu imetokeza mbele kuliko ya chini, na nyingine zimeinama kabisa. Kuna moja High Street wanaiita House of Nodding Gables, kwa vile paa zake zinaonekana kama zinasinzia. Sasa kati ya hizo mbao, ukuta ni nini? Ni fito zilizosukwa, kisha zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani na samadi, juu yake chokaa. Nyanya zetu Tanga na Malindi wangeitazama dakika moja tu na kuwaambia ni wapi fundi alifanya uvivu. (Kicheko.) Jirani na abasia, yaani kanisa kubwa la nyumba ya watawa, kuna safu ya maduka ya namna hiyo yaliyojengwa na watawa mwanzoni mwa karne ya 15 ili wayapangishe. Nyumba moja imerudishwa ilivyokuwa, na unaweza kuingia ukaona duka chini, chumba juu, na moshi uliokuwa ukiwaumiza macho.

Nimetaja abasia. Waliosoma Ndanda au Peramiho, kwenye abasia za kwetu Tanzania, hawahitaji kufafanuliwa. Watawa wa Tewkesbury nao walikuwa Wabenedikto. Ujenzi ulianza mwaka 1102 kwa fedha za bwana mmoja wa Kinormani, yaani wa kundi la William Mshindi, jina lake Robert Fitzhamon, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1121. Sehemu ya mawe ilitoka Caen, Ufaransa, ikavuka bahari na kupanda mto Severn kwa mashua. Mnara wake una kimo cha mita 45 hivi, na ni miongoni mwa minara mikubwa kabisa ya Kinormani iliyobaki duniani. Ndani kuna nguzo za duara, nene, za kimo cha mita 9 hivi, ambazo hazina nakshi yoyote. Mimi binafsi nazipenda kuliko madirisha yote ya vioo, ingawa wataalamu watawapeleka kwenye madirisha.

Mwaka 1540 mfalme Henry wa Nane alikuwa akifunga nyumba za watawa nchi nzima na kuchukua mali zao. Abasia nyingi ziling'olewa paa, madini ya risasi yaliyoezekea paa yakayeyushwa, kengele zikauzwa, mawe yakachukuliwa na majirani. Wananchi wa Tewkesbury walisema: hapana, sisi tunasali humu. Wakauliza risasi ya paa na kengele zina thamani gani. Jibu likawa pauni 453. Wakazilipa, na kanisa likawa la parokia yao hadi leo. Mkisimama mle ndani kumbukeni kwamba mko katika jengo lililonunuliwa na wachuuzi, watengeneza ngozi na wasaga unga kwa bei ya vyuma chakavu.

Tukija kwenye vita, wengine mtasema hizi ni habari za wafalme, zinatuhusu nini. Vumilieni. Mei 1471, koo mbili za kifalme, York na Lancaster, zilikuwa zinagombania kiti. Malkia Margaret wa Anjou, wa upande wa Lancaster, mke wa Henry wa Sita, alikuwa ametua pwani ya kusini na mwanawe Edward, kijana wa miaka 17. Alitaka kuvuka Severn aingie Wales, akaungane na jeshi la Jasper Tudor. Nyuma yake alikuwa anakuja mfalme Edward wa Nne, wa upande wa York. Margaret alifika Gloucester, penye daraja, akakuta malango yamefungwa kwa amri ya mfalme. Ikabidi jeshi lake liendelee kaskazini siku ile ile, watu wamechoka, farasi wamechoka, hadi Tewkesbury tarehe 3 Mei jioni. Pale palikuwa na kivuko, lakini hebu fikirieni kuvusha maelfu ya watu mto mpana huku adui anakupumulia kisogoni. Ilibidi wageuke wapigane.

Asubuhi ya tarehe 4 walishindwa. Waliokimbilia mtoni walinaswa kati ya panga na maji. Lile shamba hadi leo linaitwa Bloody Meadow, shamba la damu. Yule kijana, mwana wa Margaret, aliuawa. Kiongozi wa jeshi la Margaret, Edmund Beaufort, na wenzake wakakimbilia ndani ya abasia kuomba hifadhi, maana kanisani hapamwagwi damu. Walitolewa kwa nguvu, wakahukumiwa, na tarehe 6 wakakatwa vichwa pale sokoni, kwenye zile njia tatu. Abasia ikabidi itakaswe upya. Baadaye mwezi huo baba wa yule kijana, Henry wa Sita, akafia gerezani katika mnara wa London, na ukoo wa Lancaster ukaishia hapo.

Sasa mkiingia abasia, nendeni mbele hadi mahali pa kwaya. Sakafuni kuna kibao cha shaba kinachoonyesha alipozikwa kijana huyo. Halafu angalieni juu. Dari imepambwa majua ya dhahabu. Jua lilikuwa nembo ya ukoo wa York. Yaani washindi waliitundika nembo yao juu ya kaburi la mtoto waliyemuua, na imebaki juu yake kwa zaidi ya miaka 500. Ulizeni pia juu ya mlango wa chumba cha sakristia: upande wa ndani umebandikwa vipande vya chuma, na inasemekana ni deraya za farasi zilizookotwa kwenye uwanja wa vita.

Nitapita haraka kwenye haradali. Zamani mji ulisifika kwa haradali iliyosagwa na kuchanganywa na mzizi mkali, ikafinyangwa kuwa vidonge. Hata Shakespeare anaitaja katika mchezo wake mmoja kumkejeli mtu mwenye akili nzito. Inauzwa madukani. Ni kali, msiipake kama siagi.

Swali la msingi zaidi ni hili: kwa nini nyumba hizi zote zimebaki? Msidhani Waingereza wa Tewkesbury walipenda historia kuliko wengine. Mwaka 1840 reli ya Birmingham hadi Gloucester ilipita Ashchurch, kilomita tatu hivi kutoka mjini, Tewkesbury ikapewa tawi tu, na biashara ya mashua ikaanza kufa. Pesa zilipokwenda kwingine, hakuna aliyekuwa na uwezo wa kubomoa na kujenga upya. Uzuri mnaokwenda kuutazama uliachwa na ukata. Nasema hivyo kwa sababu huwa nachoshwa na vitabu vya watalii vinavyouzungumzia mji huu kana kwamba ulihifadhiwa kwa upendo tangu siku ya kwanza.

Nikamilishe na mafuriko. Tarehe 20 Julai 2007 mvua kubwa ilinyesha, na mito yote miwili ikajaa. Watu watatu walipoteza maisha mjini. Picha iliyozunguka dunia ilipigwa kutoka angani: abasia imesimama kwenye kisiwa kidogo cha kijani, pande zote maji ya kahawia. Watawa walichagua mwinuko mdogo, na mwinuko huo ukathibitika. Lakini mtambo wa kusafisha maji wa Mythe, nje kidogo ya mji, haukuwa na bahati hiyo. Ulizama, na watu wapatao 350,000 wa kaunti ya Gloucestershire wakakosa maji ya bomba, wengine kwa karibu wiki mbili. Maji yamejaa sebuleni, na nje watu wanapanga foleni na ndoo kwenye matangi ya barabarani. Sisi tuliokulia kwenye mgao wa maji tunajua foleni ile ikoje, ila wenzetu hawa ilikuwa mara yao ya kwanza.

Kwa hiyo siku ya safari, napendekeza tusianzie kanisani. Tuanzie kwenye daraja la King John juu ya Avon, la tangu mwisho wa karne ya 12, tufuate maji ya Mill Avon hadi kinuni, tuchungulie Severn Ham, kisha ndipo tupande mjini kwa kupitia vichochoro. Mwenye nguvu atembee pia hadi Mythe akaone daraja la chuma la Thomas Telford la mwaka 1826. Abasia iwe ya mwisho, mchana, kabla miguu haijagoma. Siku za soko ni Jumatano na Jumamosi, ndiyo maana kamati imechagua Jumamosi.

Wanaokuja kwa treni, shukeni Ashchurch, si mjini. Hakuna kituo mjini. Na angalieni ratiba, kwani treni nyingi za Gloucester hupita bila kusimama. Wenye magari ni M5, njia ya kutokea namba 9. Vaeni gambuti ikiwa wiki hiyo imenyesha, na kama kamati itatangaza kwamba Severn umepanda, safari itaahirishwa, msinipigie simu mimi kulalamika.

Mwenyekiti, nadhani nimebakiza dakika za maswali. Naona mzee pale nyuma ameshainua mkono.