Mtungi, Tyubu na Mti wa Pau: Mazoezi ya Mgongo kwa Asiye na Jimu

(Mhadhara uliotolewa Lamu, baada ya Alasiri)

Assalamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu mlioko upande wa ndani, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama mna deni humu: piteni mbele, mkeka haumli mtu.

Jambo hili lilianzia barazani. Kijana mmoja wa Langoni alirudi kutoka Mombasa, kifua mbele, mabega yamejaa, akaniuliza: "Mwalimu, hapa ile mashine ya kuvuta chini nitaipata wapi?" Nikamwambia kaipakie jahazini uje nayo. Hakucheka, na kwa kweli ana haki. Mazoezi ya kifua hayamsumbui mtu, unalala chini ukapiga pushapu. Miguu nayo unachuchumaa ukasimama, basi. Mgongo ndio unaoleta taabu, kwa sababu mgongo kazi yake ni kuvuta, na huwezi kuvuta hewa. Lazima pawe na kitu kinachokataa kuja.

Mimi nilifanya kazi jimuni Mombasa miaka sita kabla sijarudi nyumbani. Nilipanga watu kwenye mashine, nikawachomekea pini ya kuchagulia uzito kwenye vyuma, nikawahesabia. Niliporudi Lamu nilihisi kama fundi aliyenyang'anywa misumeno. Ikanichukua muda kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu siku zote.

Nendeni mkatazame jahazi linapotaka kutweka tanga. Watu watano sita wameshika henza, ile kamba ya kutwekea tanga, mikono juu ya vichwa, wanavuta kwa pamoja mpaka foromali, ule mti unaobeba tanga, inapanda mlingotini. Viwiko vinashuka mbavuni, mikono inarudi juu, viwiko vinashuka tena. Sasa ifungueni ile mashine ya jimu: mna kapi, mna kamba ya chuma, na upande wa pili mna mzigo. Ni henza ile ile, ila hii haikufikishi popote.

Na wenye mashine wanalijua hilo tangu zamani. Daktari mmoja wa Uswidi, Gustav Zander, alifungua nyumba yake ya mazoezi ya mashine mjini Stockholm mwaka 1865. Watu wa mjini walikwenda kusukumwa na kuvutwa na magurudumu kwa sababu kazi zao zilikuwa za kukaa. Katika meli ya Titanic, mwaka 1912, chumba cha mazoezi kilikuwa na ngamia wa umeme. Ngamia wa umeme, jamaa! Mtu anapanda, anatikiswa, anashuka pale pale alipopandia. Hapa Lamu punda anakutikisa na bado anakufikisha Matondoni.

(Mzee mmoja: "Akitaka!")

Akitaka, ndiyo, mzee wangu.

Lakini nisije nikawadanganya kwamba mashine haina faida. Inakupa vitu viwili ambavyo nyumbani lazima uvitafute mwenyewe. Kwanza, uzito unaoujua: leo pini ya 20, mwezi ujao ya 25. Pili, inakushika. Kile kiti, ule mto unaobana mapaja, ule wa kifuani, vyote vinakuzuia usicheze. Watu wengi wanaohamia nyumbani wanatafuta uzito wakasahau kushikwa, ndipo mgongo unapochomoka.

Sasa mgongo wenyewe. Njoo, kijana, geuka wakuone. Huu hapa msuli mpana: unaanzia huku chini kiunoni, unapanda ubavuni kama bawa, unakwenda kujishika kwenye mfupa wa mkono karibu na bega. Huu ndio unaoshusha mkono ulio juu. Hapa katikati, baina ya makombe ya mabega, kuna misuli inayoyakusanya makombe pamoja, hii inafanya kazi unapovuta kitu kutoka mbele kuja kifuani. Na hii miwili mirefu, kulia na kushoto ya uti wa mgongo kama kamba mbili za mlingoti, ndiyo inayokusimamisha. Kwa hiyo tunatafuta mambo matatu tu: kuvuta kutoka juu, kuvuta kutoka mbele, na kuinama ukainuka. Mashine zote za mgongo jimuni, hata zikiwa kumi na zenye majina, zinazunguka humo humo.

Nianze na kuvuta kutoka mbele, maana hapo ndipo penye nafuu kubwa kwa mtu wa kawaida.

Huu ni mtungi wa lita 20, kila nyumba unao. Uzuri wa maji ni kwamba hayasemi uongo: lita moja ni kilo moja. Mtungi wa lita 5 uliojaa ni kilo 5, wa 10 ni kilo 10, huu ni kilo 20 na plastiki yake kidogo. Lakini ujae. Ukiutia nusu, maji yanakwenda huku na kule, mkono unapigana na mawimbi badala ya kufanya kazi. Ukitaka uzito wa katikati, tumia mchanga. Mchanga mkavu una uzito wa karibu mara moja na nusu ya maji na zaidi, mtungi wa lita 5 ukiujaza mchanga unakaribia kilo 8. Basi una ngazi yako: 5, 8, 10, 16, 20. Hizo ndizo pini zetu. Na mchanga wenyewe, tafadhali, usiende kuchota kwenye machuga, vile vilima vya mchanga, ya Shela. Yale machuga ndiyo yanayotuhifadhia maji tamu ya mji huu. Ukimaliza mchanga utakuja kuutafuta huo mtungi kwa kiu. Muombe fundi mwashi akupe unaobaki.

Haya, tazameni. Mkono wa kushoto juu ya kiti, goti la kushoto pia, mguu wa kulia chini. Kiti hicho ndicho kinachokushika sasa, ndiyo ile mito ya mashine. Mgongo umelala kama ubao. Mkono wa kulia unaning'inia na mtungi. Sasa usivute kwa kiganja, vuta kwa kiwiko: kiwiko kipite ubavuni kiende nyuma, kuelekea mfuko wa suruali. Kombe la bega lisogee kwanza, mkono ufuate. Juu pale tulia kidogo. Halafu shusha polepole, hesabu moja, mbili, tatu. Mnaona anavyotaka kuupindua mwili ili mtungi upande? Huyo ni mgongo wa chini unaomsaidia mwenziwe kazi isiyo yake. Ukiona hivyo, mtungi ni mzito, rudi ngazi moja. Hakuna aibu. Mara 8 mpaka 12 kila mkono, mizunguko mitatu. Siku utakayoweza 12 mizunguko yote bila kujipinda, panda ngazi.

(Mama mmoja akauliza kama mtungi una madhara kwa kiganja, maana mpini wake unakata.)

Unakata kweli. Zungusha kipande cha leso kuukuu kwenye mpini. Au tumia kikapu cha ukindu chenye mikono mipana, utie ndani mtungi mdogo.

Njia ya pili ya kuvuta kutoka mbele ni kujivuta wewe mwenyewe. Kamba mbili zenye vitanzi zinaning'inia kutoka juu, umezishika, umelala nyuma, miguu chini, mwili umenyooka kama mlingoti. Unajivuta mpaka kifua kinafika mikononi. Hapa uzito ni wako, na pini yako ni miguu: simama karibu na wima, ni nyepesi, isogeze miguu mbele ulale zaidi, inakuwa nzito. Mtoto wa miaka kumi anaweza, na nahodha anaweza kutoka jasho.

Ila mtundike kamba wapi? Hapo nina neno. Najua nyumba zetu za mawe, dari zimelala juu ya boriti, ile mikoko minene, na mtu akiangalia juu anaona boriti za bure zimempangia. Usitundike. Boriti ile imebeba chokaa na mawe miaka mingapi, na mchwa umekula wapi, hujui. Isitoshe boriti ni nene kwa kiganja, haikumbatiki. Mkoko unaofaa ni wa pau, mwembamba kuliko boriti: huo unashikika. Uwekeni mpya, uani, juu ya nguzo mbili zilizochimbiwa, uujaribu kwa kuuning'inia ukiwa na miguu karibu na chini. Mti huo mmoja unakupa kamba za kujivuta, na unakupa pia kuvuta kutoka juu.

Kuvuta kutoka juu, kwa anayeweza, ni kujinyanyua mpaka kidevu kipite mti. Wengi wetu hatuwezi hata mara moja, na mimi sikuweza mwaka niliporudi. Dawa ni kuanza na kushuka. Panda stuli, kidevu tayari kiko juu ya mti, toa miguu, shuka polepole kwa sekunde tano. Panda tena kwa stuli. Msuli una nguvu zaidi unaposhusha mzigo kuliko unapoupandisha, kwa hiyo anayeshindwa kupanda anaweza kushuka, na kushuka kunamfundisha kupanda. Mara nne tano zinatosha siku ya kwanza. Kesho yake utanikumbuka ukiinua kikombe cha kahawa.

Asiye na mti ana tyubu. Tyubu kuukuu ya baiskeli, mwenye duka la baiskeli atakupa kwa shilingi chache au kwa salamu. Ioshe, ikate sehemu ya valvu, una mpira wa mita na zaidi. Ipitishe juu ya kitu kigumu, piga magoti, vuta ncha mbili mpaka viwiko viguse mbavu. Jueni tofauti moja: chuma cha mashine kina uzito ule ule mwanzo mpaka mwisho, lakini mpira mwanzoni ni laini, mwishoni ndio unakaza. Basi rudi nyuma kidogo mpaka uwe umeanza kukaza kabla hujavuta. Na uikague kila wiki. Jua la pwani linaipasua tyubu, inatoa mistari midogo kama kisigino cha mvuvi. Ukiiona hiyo, tupa, isije ikakupiga jicho.

Na mlango, nisisahau mlango. Mwezi wa kwanza niliporudi niliipiga tyubu fundo kubwa, nikalipitisha juu ya mlango wa barabarani, nikaufunga, nikasimama ndani nikavuta. Milango yetu inafunguka kwa ndani, na komeo sikutia. Nilivuta mara tatu vizuri. Ya nne mlango ukaja wote, nikaenda chali, na nje alikuwa anapita shangazi yangu na wenzake wawili wanatoka harusini. Kwa muda mrefu hawakuniita mwalimu. Kanuni ni hii: simama upande ambao ukivuta, mlango unajibana kwenye fremu yake. Kwa mlango wa barabarani maana yake usimame nje, kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, watu wakuone. Mkiona haya, tumieni mlango wa chumba.

Sasa hili la tatu, kuinama, ndilo linalowaumiza wengi. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini mwaka 2020. Tusijidhani tumesazwa: tazameni mtu anavyoinua gunia la unga kutoka mashuani, mgongo umekunjwa kama ndoana.

Shikeni mpini wa ufagio. Uweke mgongoni, mkono mmoja nyuma ya shingo, mmoja nyuma ya kiuno. Mti uguse mahali patatu: kisogo, katikati ya mabega, na kifandugu. Sasa inama kwa nyonga, makalio yaende nyuma, magoti yalegee kidogo, na mti usiachane na hata pahali pamoja. Kijana ameachia kisogo. Rudia. Sasa ameachia kifandugu. Mnaona ilivyo kazi, na hajashika hata kilo moja.

Mnaoswali mnalijua umbo hili. Ni rukuu. Mashekhe wako hapa na mimi sifundishi ibada, lakini sote tulifundishwa chuoni kwamba katika rukuu mgongo unyooke na kichwa kilingane nao. Basi rukuu hiyo hiyo, mtungi mikononi, karibu na miguu, inuka kwa kusukuma nyonga mbele. Hiyo inachukua kazi ya ile mashine ya kuinukia. Anza na lita 5, hata kama wewe ni mchukuzi wa gati. Na usiku, juu ya mkeka, lala kifudifudi, inua kifua na miguu kidogo, tulia sekunde tatu, shuka. Mara kumi.

Siku mbili kwa wiki zinatosha kuanzia, na ziachane. Si lazima ufanye yote siku moja.

(Swali kutoka nyuma: mgongo ukiwa tayari unauma?)

Uchovu wa msuli siku mbili tatu, huo ni wa kawaida. Lakini maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukifa ganzi, au ukakosa nguvu, au haja ndogo ikawa na taabu, weka mtungi chini uende hospitali, haja ndogo hasa usingoje kesho. Hapo si mahali pa mwalimu wa mazoezi.

Haya. Mtungi huu nimeuazima jirani, na ndani yake mna maji ya chai ya magharibi. Nani atauvuta mara nane bila kumwaga, kabla mwenyewe hajaja kuudai? Wewe uliyetoka Mombasa, vua hiyo shati, njoo.