Wimbo wa Walevi wa Limerick Uliopigiwa Kwata

Ndugu zangu watazamaji, leo nazungumza nanyi kutoka mjini Limerick, magharibi mwa Ireland, nikiwa nimesimama katika mtaa wa Garryowen, ambao jina lake kwa lugha ya wenyeji lina maana ya bustani ya Yohana. Mwishoni mwa karne ya 18, vijana wa huku walisifika kwa ulevi na fujo, na wimbo uitwao kwa jina la mtaa huu unajivunia hayo waziwazi: kunywa bia, kuvunja madirisha na kuwatwanga walinzi wa usiku.

Jeshi liliupendea nini wimbo wa namna hii? Wekeni viganja mezani. Gongeni kwa kiganja cha kushoto mara moja kwa nguvu na mara mbili taratibu, kisha fanyeni hivyo hivyo kwa cha kulia. Hayo ni mapigo sita, lakini yenye uzito ni mawili tu, na miguu ya askari nayo ni miwili. Ndiyo maana vikosi vya Waairishi katika jeshi la Uingereza viliuchukua vikaupigia kwata bila kubadili mwendo wake. Kwetu pwani mambo yalikwenda kinyume, kwa kuwa matarumbeta ya jeshi ndiyo yaliyozaa ngoma ya beni.

Waairishi waliohamia Marekani, wengi wao wakiikimbia njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, walikwenda na nyimbo zao, na Kikosi cha 7 cha wapanda farasi cha jeshi la Marekani, kilichoundwa mwaka 1866 na kuongozwa vitani na ofisa George Custer, kikaufanya Garryowen kuwa wimbo wake. Hapa ndipo moyo wangu unaponiuma. Alfajiri ya tarehe 27 Novemba 1868, kando ya mto Washita, katika eneo ambalo leo ni Oklahoma, bendi iliupiga wimbo huu kuwa ishara ya kukivamia kijiji cha Wacheyenne, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, kilichokuwa bado usingizini. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba mate ya wapigaji yaliganda ndani ya matarumbeta na muziki ukakatika, lakini farasi walikwisha kuondoka. Chifu Black Kettle, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitafuta amani, aliuawa pamoja na mke wake.

Mwaka 1876, kikosi kilipokwenda tena kupigana na wenyeji hao, bendi hiyo iliachwa kwenye mto Powder, ikakiaga kikosi kwa wimbo ule ule. Tarehe 25 Juni, kando ya mto Little Bighorn, katika eneo ambalo leo ni Montana, Wacheyenne na wenzao Walakota walimuua Custer na wote waliokuwa naye, zaidi ya watu 200, akiwemo Kapteni Myles Keogh, mzaliwa wa Carlow hapa Ireland.

Kikosi hicho kingali hai, na nembo yake imeandikwa jina la mtaa huu niliosimama.