Kabla ya mpira kuingia: kumwokoa mgonjwa wa virusi anayeshindwa kupumua

Ndugu wauguzi, madaktari na wanafunzi, na ninyi wengine ambao hamfanyi kazi hospitalini lakini mmekuja kwa sababu mnataka kuelewa, karibuni sana.

Leo nazungumzia mgonjwa ambaye mapafu yake yameshambuliwa na virusi, iwe influenza kali, iwe UVIKO-19, hadi oksijeni ya barakoa haimtoshi tena. Waliosimama kando ya kitanda wanatazamana, na mmoja anauliza: tumwekee mpira? Maana yake ni kumpa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, kisha kupitisha mpira mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, mpaka ndani ya trakea, yaani bomba la hewa, ili mashine impumulie.

Niseme mapema ninachoamini. Hatari kubwa ya kazi hii iko katika hali aliyo nayo mgonjwa wakati tunapomzimia pumzi yake mwenyewe. Tunafundishana sana namna ya kushika laringoskopu, kile chombo cha kumulikia koo, na ni sawa, mkono una umuhimu wake. Lakini mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uitwao INTUBE, uliofuatilia wagonjwa mahututi karibu 3,000 katika nchi 29. Takriban 45 kati ya kila 100 walipata angalau tatizo moja kubwa ndani ya nusu saa tangu kazi ianze. Lililoongoza lilikuwa presha kuporomoka, zaidi ya 40 kati ya 100. Oksijeni ilishuka vibaya kwa 9 kati ya 100, na kwa 3 kati ya 100 moyo ulisimama. Naomba mkae na hiyo namba ya mwisho kidogo. Hawa ni watu waliokuwa wakipumua, japo kwa shida, sisi tulipowafikia.

Kwa nini wanaporomoka? Tuanze na oksijeni. Mtu mzima mwenye afya, akivuta oksijeni tupu kwa dakika 3, anaweza kukaa bila kupumua kwa takriban dakika 8 kabla oksijeni ya damu haijashuka chini ya asilimia 90. Akiba yake ni hewa inayobaki mapafuni baada ya kutoa pumzi. Mapafu ni kama pipa la maji: la mtu mzima wa afya limejaa na matumizi ni madogo. La mgonjwa wetu limejaa tope nusu, na kwa sababu ya homa na kazi ya kuvuta pumzi, bomba limefunguliwa hadi mwisho. Oksijeni ya huyu inaweza kuanguka kabla ya dakika moja kwisha. Tena, vifuko vya hewa vikijaa majimaji, damu hupita kandokando yake bila kuokota oksijeni, hivyo hata ukimpa oksijeni tupu, sehemu ya damu inarudi moyoni ilivyokwenda.

Upande wa presha kuna mambo matatu yanayogongana. Mgonjwa amekuwa na homa siku kadhaa, hajanywa maji ya kutosha, na mishipa yake haijajaa. Kinachoishikilia presha yake ni ule mshtuko wa mwili unaopigania pumzi. Ukimpa dawa ya usingizi, mshtuko huo unazimika. Halafu mashine inasukuma hewa kwa nguvu kifuani, damu inayorudi moyoni inapungua. Yote hayo ndani ya dakika mbili. Mwenye presha ya kuridhisha saa 4:00 anaweza kuwa hana presha saa 4:03, na hakuna aliyekosea kuingiza mpira.

Sasa swali la lini. Mwanzoni mwa 2020 wengi walishauri mpira uwekwe mapema sana, kwa hofu ya mapafu kujiumiza kwa kuvuta kwa nguvu, na kwa hofu ya virusi kusambaa kutoka kwenye vifaa vya oksijeni ya kasi. Baadaye tulirudi nyuma kidogo, kwa sababu ilionekana wapo walioweza kuvuka bila mpira: kwa oksijeni ya kasi puani, kwa barakoa ya shinikizo, inayosukuma hewa mapafuni, na kwa kulala kifudifudi wakiwa macho. Utafiti wa 2021 uliojumuisha wagonjwa zaidi ya 1,100 wa UVIKO-19 katika nchi 6 ulionyesha kwamba kulala kifudifudi kulipunguza wanaoishia kwenye mpira au kifo, kutoka 46 hadi 40 kati ya 100. Faida si kubwa, lakini ni ya kitu kisichogharimu chochote zaidi ya muuguzi mwenye subira.

Naomba msiamue kwa kutazama kipimo cha oksijeni cha kidoleni peke yake. Mtu mwenye asilimia 86 anayeongea sentensi nzima na kukuuliza chakula kinakuja lini, ana muda. Mwenye asilimia 92 anaweza kuwa ndiye anayekufa. Ondoa macho kwenye skrini, mtazame shingoni. Misuli ya pembeni imesimama kama inavutwa, kile kibonde kilicho juu ya mfupa wa kifua kinazama kila anapovuta pumzi, tumbo linaingia ndani wakati kifua kinapopanda. Muulize jina la mtoto wake. Akikujibu kwa neno moja moja, au akianza kukutazama bila kukuona, muda umekwisha. Hesabu pumzi zake wewe mwenyewe kwa dakika nzima, usiandike 20 kwa mazoea. Na usifurahi pumzi zikipungua ghafla kutoka 40 hadi 18 bila sababu. Huyo hajapona, amechoka.

Kuchelewa nako kunaua, hilo nalisema waziwazi. Kungoja mpaka moyo uanze kupiga polepole ni kuchagua kufanya kazi ngumu katika hali mbaya kuliko zote.

Mkishaamua, msikimbie. Kama mgonjwa bado ana dakika kumi, zitumieni. Muinueni kichwa na kifua. Kulala chali kabisa kunabana mapafu. Mpeni oksijeni kwa barakoa iliyobana vizuri, na ikiwezekana kwa mashine ya shinikizo: jaribio lililochapishwa 2024, PREOXI, lilionyesha oksijeni ilishuka vibaya kwa 9 kati ya 100 waliotayarishwa kwa shinikizo, dhidi ya 18 kati ya 100 waliopewa barakoa ya kawaida. Ni nusu! Maji ya mshipani yapewe kwa kiasi mgonjwa anapoonekana kuwa mkavu, bila kuyamwaga, maana mapafu yake yameshalowa. Noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, iwe imeshachanganywa na kuunganishwa kabla ya sindano ya kwanza ya usingizi, na kama presha ni ya mashaka, ianzishwe kabla. Kwa dawa ya usingizi, ketamini inapendelewa na wengi kwa sababu haiangushi presha sana, lakini kwa mgonjwa aliyekwisha nguvu hata yenyewe inaangusha, kwa hiyo punguza kipimo. Dawa ya kulegeza misuli usiipunguze: rokuroniamu miligramu 1.2 kwa kila kilo, kisha ngojeni dakika nzima.

Dakika hiyo ya kungoja inawalinda nanyi pia. Katika mlipuko wa SARS wa 2003, takriban mmoja kati ya kila wagonjwa watano alikuwa mtumishi wa afya, na kuweka mpira kulihusishwa na maambukizi hayo. Vipimo vilivyofanywa wakati wa UVIKO-19 ndani ya vyumba vya upasuaji vilionyesha kwamba kikohozi hurusha chembe nyingi kuliko kitendo chenyewe cha kuweka mpira. Mgonjwa aliyelegezwa barabara hakohoi. Vaeni barakoa ya N95 iliyowakaa sawasawa usoni, kinga ya macho, gauni na glovu, na mkaguane mwenzio kwa mwenzio kabla ya kuingia. Chumbani wabaki wanaohitajika tu. Mmoja asimame nje mlangoni wa kuleta vitu. Kichujio cha virusi kikae karibu kabisa na mgonjwa, na puto dogo lililo kwenye ncha ya mpira, la kuziba hewa isivuje, lijazwe kabla ya kusukuma pumzi ya kwanza.

Na kabla ya sindano, mpeni simu. Wengine wataona ni jambo la pembeni, lakini mimi nalihesabu kama sehemu ya matibabu. Mtu huyu anakwenda kulala kwa siku nyingi, na wengine hawataamka. Dakika mbili za kuongea na mkewe, au mumewe, au mama yake, karibu kila mara zinapatikana. Mwambieni kwa lugha nyepesi mnachokwenda kufanya, na kwamba hataachwa peke yake.

Aingize mpira yule mwenye uzoefu kuliko wote waliopo. Si wakati wa kumpa mwanafunzi nafasi. Laringoskopu yenye kamera ikiwepo itumieni: jaribio la DEVICE la 2023 lilionyesha jaribio la kwanza kufanikiwa kwa 85 kati ya 100 kwa kamera, na 71 bila kamera. Kabla ya kuanza semeni kwa sauti tukikwama tunafanya nini, mpaka hatua ya mwisho ya kufungua njia ya hewa shingoni, na nani ataifanya.

Mpira ukiingia, mtauaminije? Mvuke ndani yake unadanganya. Kusikiliza kifua ukiwa umevaa vyote hivyo kunadanganya zaidi. Kinachoaminika ni kapnografu, kile kipimo cha hewa ukaa inayotoka. Tazameni mawimbi yakipanda na kushuka mfululizo, angalau pumzi 7. Mstari ukilala bapa, chukulieni kwamba mpira umeingia kwenye umio, njia ya chakula, hata kama mwekaji anaapa kwamba aliuona ukipita. Asibishane na mashine huku mgonjwa akigeuka rangi.

Baada ya hapo mashine isimuumize. Kila pumzi iwe mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kwa urefu wake, si uzito wa mizani. Jaribio la mwaka 2000 lililofuatilia wagonjwa 861 lilionyesha kwamba kutoka mililita 12 hadi 6 vifo vilishuka kutoka karibu 40 hadi 31 kati ya 100. Asiyeinuka oksijeni alazwe kifudifudi saa 16 au zaidi kwa siku. Kwa UVIKO-19 deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, ipewe. Jaribio la RECOVERY la 2020 lilionyesha inapunguza vifo vya walio kwenye mashine kwa theluthi.

Kila asubuhi, hali ikiruhusu, dawa za usingizi zipunguzwe aamke, ajaribiwe kupumua mwenyewe, aangaliwe kama ana nguvu ya kukohoa makohozi yake. Akifaulu, mpira utolewe siku hiyohiyo, msimngojeze kwa sababu ni Jumapili. Vifaa vya kuurudisha vibaki kando ya kitanda kwa siku mbili zinazofuata, maana wapo wanaoshindwa tena, na hao huhitaji maandalizi yaleyale tangu mwanzo.